Kumfundisha Mama Mkwe Baiskeli

Sikufika nilipo kwa kubahatisha. Nilitoka kijijini kwetu Mungaa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sipendi kuzikumbuka, nikarudi baada ya miaka kumi na minne na stashahada ya ufundi mitambo. Hapo katikati hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilisukuma mkokoteni Dodoma, nikachomelea mageti Dar es Salaam, ada ya chuo nikajilipia mwenyewe, muhula baada ya muhula, macho yakiniwasha kwa mwanga wa kuchomelea. Niliporudi nilifunga mashine ya kukamua alizeti, nikajenga nyumba ya tofali za kuchoma yenye vigae chini, na juu ya mlango wa karakana nikaandika jina langu kwa rangi ya bluu, na mbele yake neno Stashahada. Kuna waliocheka. Waliocheka ndio hao wanaoniletea plau zao za ng'ombe nizichomelee.

Naeleza haya ili ieleweke nilivyonaswa. Mtu asiye na kitu hanaswi na mdomo wake, kwa sababu hakuna anayemsikiliza. Mimi nilisikilizwa.

Ulikuwa mkutano wa kijiji, mwezi wa saba, alizeti zimekwisha kuvunwa na upepo umeanza ule wa kupeperusha vumbi kutwa nzima. Nilichelewa. Nilipozima pikipiki nyuma ya watu nilimkuta dada mmoja wa mradi wa afya, mgeni kutoka mjini, amesimama mbele na karatasi. Mradi ulikuwa umeleta baiskeli kwa wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto, kufuatilia wajawazito na kuwakumbusha wagonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa. Sharti lilikuwa moja. Baada ya wiki mbili atarudi, na kila mhudumu ataendesha mwenyewe mbele yake, kutoka ofisi ya kijiji hadi zahanati na kurudi. Asiyeweza, baiskeli itapewa mwingine, na kazi itaifuata baiskeli, kwa sababu vitongoji vya mbali haviwezi tena kusubiri mtu wa miguu.

"Mama hawezi," alisema mwanaume mmoja. "Umri umekwenda. Apewe kijana tu, tusipoteze muda."

"Tangu lini mama wa miaka ile akapanda baiskeli?" mwingine akadakia. "Tutamzika na hiyo baiskeli yake."

Watu wakacheka. Wahudumu kina mama kijijini kwetu walikuwa wawili, na mimi nikadhani anayesemwa ni yule wa kitongoji cha juu, jirani ya karakana yangu, mama mnene mcheshi ambaye kila siku hunitania. Nikanyanyua mkono, na kabla mwenyekiti hajaniruhusu nilikwisha simama.

"Mimi hapa ni mtu wa mitambo," nikasema. "Nimesomea. Baiskeli ni mtambo mdogo kuliko yote. Hakuna binadamu mwenye miguu miwili nitakayeshindwa kumfundisha, awe na miaka ishirini, awe na miaka themanini. Nipeni hizo wiki mbili. Nikishindwa, futeni lile neno juu ya mlango wangu."

Kukawa kimya. Nilidhani ni kimya cha kustaajabu. Kisha upande wa kina mama akasimama mtu, nami niliposikia sauti yake nikatazama chini, kama ninavyotazama chini siku zote.

"Nashukuru," alisema mama mkwe wangu. "Basi tutaanza kesho."

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia kwingine. Mwenyekiti mwenyewe alifunika uso kwa kofia. Yule mama wa kitongoji cha juu, niliyedhani ndiye, kumbe anaendesha baiskeli tangu usichana wake, alinipigia vigelegele.

Kwetu mkwe haguswi. Ukimwona anakuja njiani, wewe mwanaume unaacha njia, unasimama pembeni ukitazama ardhi, unampa shikamoo kwa mbali naye anaitikia kwa mbali. Huketi naye mkeka mmoja, huli mbele yake, humtazami usoni. Huo si uadui. Ndiyo heshima yenyewe, na aliyekuzalia mke anastahili heshima kuliko wote. Kwa miaka sita ya ndoa nilikuwa naijua sauti ya mama yule, na naijua miguu yake: vidole vipana, ukucha wa kidole gumba cha kushoto umepasuka, visigino vilivyotembea hadi vitongoji vya mbali kabisa na kurudi. Uso wake sikuujua. Ningekutana naye sokoni Singida amevaa viatu vipya, ningempita.

Na kumfundisha mtu baiskeli kuna njia moja tu. Unashika kiti nyuma, mkono mwingine unaweka begani au kwenye usukani, unakimbia ubavuni mwake, na akiyumba unamdaka.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameketi amenyoosha miguu, mimba ya miezi minane, ananisubiri. Habari ilikwisha mfikia.

"Baba, unaumwa?" aliniuliza.

"Nilidhani ni yule mwingine."

"Mdomo wako huo. Nilikwambia siku moja utakupeleka mahali gari halifiki."

"Wewe utamshika. Mimi nitaelekeza."

Akaonyesha tumbo lake kwa vidole viwili. "Na hili nalo litakimbia?"

Nikaenda kwa mama mwenyewe. Nilisimama nje ya ua wake wa minyaa, nikatoa shikamoo, nikaanza kuzungumza na ua. Nilisema nitamtafutia mwalimu mwingine, kijana wangu wa kazi au fundi wa baiskeli wa pale barabarani, mtu mwenye uzoefu. Nilisema mitambo yangu mimi hasa ni ile mikubwa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha sauti yake ikaja kutoka ndani ya ua, taratibu.

"Mkwe, mimi ni mjane. Mwanangu wa kiume yuko Shelui anapakia malori, harudi mpaka mwisho wa mwaka. Mwenzangu wa kitongoji cha juu anajua kuendesha, lakini kwa unene ule hawezi kukimbia nyuma ya mtu. Nikishikwa kiti na mwanaume mwingine, jioni hiyo hiyo nimeshaolewa midomoni mwa watu. Lakini wewe ni mkwe. Kwa mkwe hakuna anayeweza kusema neno, kila mtu anajua mpaka uko wapi. Mwanaume anayeweza kunifundisha kijiji hiki ni wewe peke yako."

Niligundua kwamba kile kinachonizuia ndicho kilichomfanya anichague. Sikuwa na pa kutokea. Nyuma yangu kulikuwa na mkutano mzima, mbele yangu ua wa minyaa.

"Na tena," akaongeza, "kazi hii nimeifanya kwa miguu miaka tisa. Wale watoto nimewapima mimi. Siwezi kuiacha kwa sababu ya magurudumu mawili."

Nikaingia karakana. Kama kuna mahali ambapo sijawahi kushindwa ni pale. Baiskeli za mradi zilifungiwa ofisini hadi mtu afuzu, lakini nilikuwa na baiskeli nyeusi ya zamani ya marehemu baba yangu, ile nzito yenye bomba la juu linalompa taabu mtu aliyevaa kanga. Nikalikata lile bomba, nikalichomelea upya chini, nikasaga kiungo mpaka ukipitisha kidole huhisi kitu. Nikabadilisha mnyororo, nikafunga breki mpya mbele na nyuma, nikafunga na kengele. Kisha nikakata mti wa mkole, mnyoofu, wenye kunepa bila kuvunjika, nikaufunga kwenye keria kwa mpira wa tairi. Ulitokeza nyuma hatua tatu kamili. Mimi nitashika ncha yake. Nitamwinua akiyumba, nitamsukuma akilegea, nitamvuta akizidi mwendo, na baina yangu na mama mkwe kutakuwa na hatua tatu za heshima. Chuoni hawakunifundisha jambo hilo. Nililibuni mwenyewe.

Tulianzia uwanja wa mpira wa shule, asubuhi, kabla upepo haujakaza. Siku ya kwanza alianguka mara saba. Kila alipoanguka mimi nilisimama na mti wangu mkononi, nikitazama upande wa magofu ya vyoo vya shule, nikimsikia akijikung'uta. Binti yake, yaani mke wangu, alikuja siku mbili kukaa pembeni kwenye jiwe ili awepo mwanamke, kisha miguu ikamvimba, akaacha kuja.

"Mama, tazama mbele, usitazame gurudumu."

"Nikitazama mbele gurudumu litakwenda lenyewe?"

"Litafuata macho."

"Haya. Lakini ndicho ulichosoma hicho miaka yote?"

Alikuwa na utani, jambo ambalo sikulijua. Miaka sita salamu zetu hazikuwa na nafasi ya utani.

Siku ya tatu watu wakaanza kuja kutazama. Walikaa kwenye mstari wa goli kama wanaosubiri timu.

"Jamani, anamswaga mkwe!"

"Hilo plau la namna gani? Ng'ombe mmoja tu?"

"Geuza, geuza mwisho wa shamba, ushike mfereji mwingine!"

Mimi nilikuwa nakimbia nyuma ya mama mkwe wangu nimeinamisha kichwa, naangalia tairi la nyuma na si zaidi ya hapo, jasho linaniingia machoni na mikono yote miwili imeshika mti, hakuna wa kulifuta. Mtu mwenye karakana yake. Nilifikiria kuuachia ule mti na kwenda zangu. Lakini nikiuachia anaanguka, na anayeanguka ni mkwe.

Jioni ya siku hiyo baba mdogo aliniita. Ndiye mkubwa wa ukoo wetu tangu baba afariki. Alinisimamisha muda mrefu kabla ya kuitikia shikamoo yangu.

"Umekwenda mjini umerudi na vyeti," alisema, "heshima umeisahau stendi?"

"Simgusi, baba. Kuna mti."

"Mti! Unamkimbiza mama wa watu kwa mti mbele ya kijiji, unaniambia simgusi. Acha."

"Nikiacha atanyang'anywa kazi."

"Na ukiendelea?"

Niliaga nikaondoka. Nikiacha, mimi ni mdomo mtupu na mama wa watu amepoteza kazi kwa sababu yangu. Nikiendelea, mimi ni mtu asiye na haya. Nililala nikiwaza hivyo na nikaamka nikiwaza hivyo, na asubuhi nikabeba mti nikaenda uwanjani, kwa sababu nilijua yeye atakuwa amekwisha fika. Na alikuwa amefika.

Siku ya tisa alipata mizani ya mwili. Nilihisi kwenye mti kabla yeye hajajua: ule uzito wa kuyumba kushoto na kulia ukatoweka, mti ukawa mwepesi mikononi kama unaelea. Nilizidisha mbio. Yeye naye akazidisha. Tulipofika goli la pili ule mpira wa tairi ukafyatuka, mti ukabaki mkononi mwangu, na mama mkwe akaendelea kwenda.

Nilisimama na mti wangu, nikapiga kelele za furaha. "Unakwenda mwenyewe, mama! Unakwenda!"

"Nakwenda!" alijibu bila kugeuka, na akaenda, akatoka uwanjani, akashika njia inayoteremka kando ya ua wa nyumba za walimu, akaingia ndani ya minyaa.

Nilipofika alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, baiskeli juu ya mguu wake, na kanga yake imeingia kwenye mnyororo, imeviringishwa na meno ya gia mpaka karibu na paja. Hawezi kujivuta bila kuivua. Asubuhi ile hakukuwa na mtu. Watazamaji walikuwa wamezoea, hawakuja. Nikageuza uso haraka. Nikaita kina mama wa nyumba za walimu. Hakuna aliyeitika, walikuwa wamekwenda kuteka maji.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Nimefungwa."

"Naenda kutafuta mwanamke."

"Usiende. Minyaa imevunjika juu yangu. Utomvu unadondoka."

Asiyejua minyaa ajue kwamba maziwa yake yakiingia jichoni unaweza kukaa siku nyingi huoni. Nilipiga hatua mbele, nikarudi hatua. Nilijua kabisa la kufanya. Mnyororo ulioshika nguo unarudishwa nyuma, kanyagio kinyume, nguo inatoka yenyewe. Ni kazi ya dakika moja. Lakini ilikuwa nguo ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ndani yake. Nikawa nimesimama pale, fundi mwenye stashahada, siwezi kufungua mnyororo wa baiskeli.

"Mkwe," alisema, "mimi ndiye mkwe wako. Baiskeli si mkwe wako. Shika baiskeli."

"Nguo, mama..."

"Nafumba macho, utomvu usiniingie. Na wewe fumba. Tukifumba wote, nani ameona?"

Nikafumba. Nikapiga magoti, nikapapasa mchanga hadi nikafika gurudumu la nyuma, nikafuata spoku hadi ekseli, nikaushika mnyororo, nikaufuata kwa vidole kuelekea mbele, taratibu, jino kwa jino. Hapo ndipo nilipofurahi kwamba nilisomea kazi. Vidole vyangu viliijua ile baiskeli kuliko macho. Niligusa kitambaa, nikauondoa mkono kama nimeshika chuma cha moto, nikashika kanyagio.

"Narudisha nyuma, mama. Ukihisi imelegea, sema."

"Rudisha."

Nikazungusha.

"Bado. Tena. Tena kidogo. Hapo imelegea. Subiri nivute. Basi."

Nikainua baiskeli nimefumba macho, nikageuka nayo, nikasimama nimempa mgongo. Nilimsikia akitoka kwenye minyaa kwa magoti, akijifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi.

"Lakini nilikwenda," alisema. "Umeona nilivyokwenda?"

"Niliona, mama. Hilo niliona."

Tulikubaliana kwamba kosa ni kanga. Kesho yake alikuja amevaa suruali ya marehemu mume wake chini ya gauni, amekunja miguu ya suruali na kuifunga kwa kamba. Watazamaji walirudi kwa ajili ya suruali ile, lakini yeye hakuwajali, na mimi nikafunga mti wangu safari hii kwa waya. Siku zilizobaki tulizunguka uwanja bila kuanguka hata mara moja. Nilianza kutembea kifua mbele. Mtu mmoja aliponikuta dukani nilimwambia aandae rangi nyingine ya bluu, nitaongeza neno Mwalimu.

Dada wa mradi alirudi kama alivyosema. Watu walijaa ofisi ya kijiji kuliko siku ya mkutano. Upepo ulikuwa mkali, vumbi linatembea barabarani kama watu. Yule mama wa kitongoji cha juu alikwenda akarudi akiimba. Vijana wawili walikwenda wakarudi wakishindana. Kisha mama mkwe akashika usukani, nami nikafungua ule waya kwenye keria, nikauondoa mti, nikarudi nyuma hatua tatu.

Aliondoka vizuri. Mgongo umenyooka, macho mbele. Watu wakaguna kwa mshangao, na mimi nikakunja mikono kifuani. Alikwenda akizidi kuwa mdogo machoni hadi zahanati, akazunguka, akaanza kurudi.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Sikuwa nimemfundisha kusimama. Wiki mbili nzima, kila alipotakiwa kusimama, mimi ndiye niliyevuta mti. Breki mpya nilizofunga kwa mikono yangu hakuwahi kuzigusa, kwa sababu breki yake nilikuwa mimi, hatua tatu nyuma. Kwenye minyaa hakuingia kwa sababu ya kanga. Aliingia kwa sababu hakujua namna ya kusimama, na mimi, mtu wa mitambo, nikalaumu nguo. Fundi wa baiskeli wa barabarani, asiye na cheti, angemfundisha breki siku ya kwanza, kwa sababu angeshika kiti na angeona vidole vyake viko wapi. Mimi nilikuwa natazama tairi.

Alikuwa anakuja, na njia inateremka kidogo pale, na mbele ya ofisi watu wameketi hadi barabarani, watoto mbele. Niliona usukani unaanza kutikisika. Akapiga kengele. Watu wakashangilia, wakadhani ni madaha.

"Mkwe!" aliita.

Kila mtu alipisha. Na mimi, kwa mazoea ya miaka sita, miguu yangu ilikwisha anza kuacha njia. Mkwe anakuja, pisha. Nilikuwa tayari na mguu mmoja majanini.

Nikarudi katikati ya barabara. Nikapanua miguu, gurudumu la mbele likaingia katikati ya magoti yangu, nikadaka usukani kwa mikono miwili, tukarudi nyuma pamoja kama hatua nne na tukasimama. Mikono yangu ilikuwa kando ya mikono yake. Nilikuwa nimeinua kichwa, na hapakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Ana macho ya mke wangu. Ndicho nilichokiona. Macho yale yale, yana makunyanzi pembeni.

Nilimwona baba mdogo kwa pembe ya jicho, ameegemea bakora yake, mdomo umefunguka. Mikono yangu haikutaka kuachia.

Mama mkwe akafumba macho.

"Upepo huu!" alisema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie. "Vumbi limeniingia. Hata sioni aliyeshika baiskeli ni nani."

Kisha yule mama wa kitongoji cha juu akajifunika uso kwa kanga. "Hata mimi mwenzangu. Vumbi tupu."

"Macho yangu jamani!" mwingine akasema.

Kina mama wote wakawa wanajifuta macho. Wanaume wakafuata, mmoja mmoja. Baba mdogo alikuwa wa mwisho. Alinitazama kwanza, kwa muda, kisha akatoa leso mfukoni akafuta jicho moja.

Nikaachia usukani, nikarudi kwenye majani.

Lakini dada wa mradi alikuwa mgeni, na macho yake hayakuwa na vumbi. "Mimi nimeona," alisema kwa upole. "Mama hakusimama mwenyewe. Kazini hakutakuwa na mtu wa kumdaka. Samahani, siwezi kusaini."

Watu wakaanza kumlalamikia. Mama mkwe akawanyamazisha kwa mkono.

"Ana haki," akasema. "Naomba nirudie."

Dada akatazama saa, akatazama suruali ile ya marehemu iliyofungwa kamba, akakubali.

Sikuwa na wiki mbili. Nilikuwa na muda wa yeye kuigeuza baiskeli. Nilisimama kwenye majani yangu, nimetazama chini kama inavyotakiwa, nikaiambia ardhi kwa sauti niliyotumia sokoni Dodoma kufukuza watu mbele ya mkokoteni:

"Vile vyuma viwili chini ya mikono! Vidole viwili kila upande! Usivute kwa nguvu, kamua kama unamkamua ng'ombe! Kwanza cha kushoto, halafu vyote! Mguu uteremshe mwendo ukikaribia kufa!"

"Kumbe ndiyo kazi yake?" alisema mama mkwe. "Nilidhani ni mapambo."

Watu wakacheka, na safari hii walinicheka mimi, na walikuwa na haki. Akaenda. Nilimsikia tu, sikuinua uso. Nilisikia mnyororo ukiondoka, ukapotea kwenye upepo, nikahesabu, ukarudi. Nikasikia kengele. Nikasikia mpira ukikwaruza mchanga, mara moja, kimya, mara ya pili. Mbele ya macho yangu, pembeni mwa barabara, ukateremka mguu wenye ukucha uliopasuka, ukakanyaga, ukayumba, ukatulia.

Dada wa mradi akasaini.

Neno langu juu ya mlango lipo, hakuna aliyelifuta, ingawa Mwalimu sijaliongeza. Mke wangu alijifungua mwezi uliofuata, mtoto wa kike, na mhudumu aliyekuja kumpima alikuja kwa baiskeli mpya. Mimi nilitoka nje kwa mlango wa nyuma, kama inavyopasa. Kutazamana tumeacha. Lililoonekana siku ile halikuonekana, na hakuna anayelitaja, hata mke wangu, hata baba mdogo akiwa amekunywa.

Zamani niliweza kumwona mama mkwe kwa mbali, anakuja kwa miguu, nikapata muda wa kubadili njia bila haraka. Sasa anakuja kwa mwendo mkali. Anapita karakana, anapita mashine, yuko kila mahali, vitongoji vyote ni vyake. Ile baiskeli ya mradi ilikuja bila kengele, akaniagiza kupitia kwa binti yake nimfungie kengele ya baiskeli ya baba. Niliifunga vizuri, inasikika hadi ng'ambo ya bonde. Nikiisikia nakatisha mazungumzo, naacha mteja wangu amesimama, natoka njiani, naingia hadi kwenye minyaa, natazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe," na amekwisha pita.